Ngozi za Mbuzi Nyuma ya Duka la Mikate

Nimekaa katika miji mingi tangu nitoke Mwanza, na karibu kila mji nimepata mtu wa kuniuliza kwa nini nakunja uso ngoma za sherehe zinapoanza. Wengine hudhani nina dini kali. Wengine hudhani nimezeeka kabla ya wakati. Huwajibu kwamba kichwa kinaniuma, kisha naondoka kutafuta chai. Ngoma nazipenda kuliko wengi wao. Kinachonishinda ni harufu inayonijia kabla ya mlio wenyewe: ngozi mbichi zinazooza ndani ya pipa la maji ya majivu, na pamoja nayo moshi wa nyama choma inayoliwa na watu ambao hawajawahi kushika fimbo ya ngoma.

Miaka ya mwisho kabla ya Uhuru nilikuwa nimemaliza sekondari na kupata kazi ndogo bandarini, kupaka alama kwenye marobota ya pamba yanayosubiri meli. Baba yangu alikuwa Msukuma wa upande wa Kisesa, mama mtu wa mjini, Mwislamu wa ukoo uliochanganyika Umanyema na Uarabu kiasi ambacho wenyewe walikuwa wameacha kuchambua. Nilikaa kwa mjomba, kaka yake mama, katika nyumba iliyokuwa karibu na mto Mirongo, mto ambao hata siku hizo ulinuka kila kiangazi.

Mjomba alikuwa fundi wa magodoro. Watu walimletea magodoro yaliyolaliwa mpaka pamba ikawa madonge magumu kama mihogo mikavu. Aliyafumua, akamwaga pamba juu ya turubai uani, akachuchumaa na fimbo mbili nyembamba na kuanza kuipiga. Pamba iliinuka na kushuka, vumbi la jasho la watu likapaa, naye akikohoa na kuimba. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na fimbo zake hazikuwahi kukosana. Ukipita nje ya ua ungedhani wapo watu wawili wanaobishana kwa adabu.

Hapo mjini palikuwa na Mgoa mwenye duka la mikate. Watu walimwita Mreno, kwa sababu Goa ilikuwa bado chini ya Wareno na yeye mwenyewe alijivunia jambo hilo kidogo. Alipokuwa kijana ndugu zake walimpeleka Ureno kusomea upadri. Upadri ulimshinda, lakini katika vijiji vya milimani vya huko alijifunza kupiga bombo. Bombo ni ngoma kubwa ya duara, pana kuliko ungo, inayoning'inizwa kifuani kwa mkanda na kupigwa ubavuni kwa rungu lenye kichwa cha nguo. Pamoja nalo huenda ngoma ndogo zilizokazwa nyuzi za utumbo chini ya ngozi, zenye mlio kama wa mvua juu ya bati. Hizo aliziita kaisha. Wazee waliokumbuka mashindano ya zamani ya beni, zile ngoma za gwaride, walizitazama wakasema, "Hii ni beni tu, imevaa kofia nyingine," wakarudi kwenye bao lao.

Mgoa alizitengeneza mwenyewe kwa mbao za mapipa, akaomba nafasi katika ukumbi wa ustawi wa jamii, ule ambao serikali ya Waingereza iliujenga ili Waafrika wa mjini wasome magazeti badala ya kwenda pombeni. Alasiri ambazo duka lilikuwa limefungwa alifundisha yeyote aliyeingia mlangoni. Hakutoza kitu. Walikuja madobi, wapagazi wa bandarini, akina mama wauza samaki, vijana wa Kisukuma waliokuwa wameleta maziwa kutoka Buswelu na hawakutaka kurudi mapema. Alisema katika vijiji alivyojifunzia hakuna watazamaji. Ngoma hutoka asubuhi, hupita nyumba kwa nyumba, na mwenye nyumba akitoka mlangoni hupewa rungu apige kidogo kabla kundi halijasonga. Alitaka na sisi tujue kufanya hivyo.

Mwanzoni alitufundisha kwa maneno ya Kireno. Kabla ya kushika fimbo ilikuwa lazima useme pigo kwa mdomo huku ukitembea kuuzunguka ukumbi, na maneno yenyewe yalitukwama kooni. Siku moja mjomba alisimama ghafla katikati ya mzunguko, watu wakamgonga mgongoni.

"Padri," alisema, maana alimwita padri kwa utani siku zote, "haya maneno yako mimi nayatema kama mbegu za pera. Niruhusu niseme yangu."

"Sema, Fundi."

"Toa pamba, tia pamba, toa pamba, tia pamba. Shona!"

Kwenye "shona" alikanyaga chini, na mguu ukaangukia palepale ambapo bombo lilitakiwa kulia. Mgoa alicheka mpaka miwani ikamteleza.

"Kule walisema maneno ya kukanyaga zabibu," alisema. "Wewe sema ya pamba. Mama wa samaki naye aseme ya samaki."

"Paa samaki, geuza samaki," mama wa samaki akadakia, "paa samaki, geuza samaki. Kaanga!"

"Usinikaange mimi tu," mjomba akamwambia.

"Nani ahangaike na wewe? Miba mitupu!"

Tangu siku hiyo tulijifunza kwa haraka. Kila mtu alikuwa na maneno ya kazi yake, na yote yalikutana kwenye pigo moja kubwa. Ukikosea, Mgoa hakukusimamisha. Alikuambia uendelee kutembea, mguu ungekurudisha. Nimepita madarasa mengi katika maisha yangu, ya shule na ya kazi, na hilo ndilo pekee ambalo sikuona mtu akitoka akiwa mdogo kuliko alivyoingia.

Ilipojulikana kwamba Uhuru unakuja, kamati ya ukumbi ilikubaliana na waandaaji wa sherehe kwamba kundi letu litembee mbele ya maandamano. Mgoa akasema wa mbele kabisa, mwenye bombo kubwa, atakuwa mjomba. Hakuna aliyebisha, kwa sababu hakukuwa na wa kumshinda. Mjomba hakuwa na mtoto, mke alikuwa ameshamwacha, msikitini alikaa safu za nyuma. Jioni ile alikuja akaketi karibu yangu uani, akasema polepole, "Mpwa wangu, mji mzima utapita nyuma yangu." Sijawahi kumsikia akitamani kitu kingine kwa sauti.

Katibu wa kamati alikuwa karani wa ginari, kiwanda cha kuchambulia pamba. Alikuwa mtu wa suruali zenye mstari wa pasi na kalamu tatu mfukoni, na alikuwa amekwisha kujiona mbele ya maandamano hata kabla hajashika rungu. Shida yake ilikuwa kwamba mkono na mguu wake havikusikilizana. Alijaribu bombo mbele ya watu, akapotea, akarudia, akapotea tena.

"Bwana katibu," Mgoa alimwambia bila ubaya, "rungu weka chini. Wiki hii tembea tu."

"Nitembee tu?"

"Tembea tu, useme 'shona'."

Akina mama wa samaki waliangua kicheko. Katibu alitabasamu, akaweka rungu chini taratibu kama mtu anayeweka yai. Hakutembea wiki hiyo wala wiki nyingine.

Sasa niseme habari za ua wa Mgoa, maana hapo ndipo alipokosea bila kujua. Nyuma ya duka la mikate palikuwa na kiwanja kidogo chenye tanuri, na humo alikausha ngozi za ngoma kwenye viunzi vya miti. Ngozi zilikuwa za mbuzi, alizinunua machinjioni. Lakini katika kiwanja hichohicho, sikukuu zao zilipokaribia, Wagoa wenzake walimletea nguruwe kutoka shamba moja la upande wa Nyegezi, akawatengenezea soseji nyekundu zenye pilipili na kuzining'iniza kwenye kamba. Kwake yeye kamba ilikuwa kamba. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu angeweza kusimama langoni, akatazama soseji upande huu na ngozi upande ule, akaziunganisha.

Katibu alisimama langoni akaziunganisha.

Yeye mwenyewe alikuwa Mkristo wa kila Jumapili, na nguruwe nilimwona akila kwa macho yangu, tena akilamba vidole. Lakini alizunguka kwenye baraza za Waislamu na sauti ya huruma kama mtu anayeleta habari za msiba. Hakusema ngozi ni za nguruwe. Alisema, "Mimi siwezi kusema. Nendeni nyuma ya duka la mikate mkajionee." Na watu walikwenda, wakasimama langoni kama yeye, wakaona kamba. Baada ya siku chache hapakuwa na nyumba mtaani kwetu isiyojua kwamba fundi wa magodoro anakumbatia nguruwe kifuani kila alasiri.

Nilichukia uongo wenyewe, lakini nilichukia zaidi jinsi ulivyopokelewa, kwa hamu, kama chakula. Watu waliokuwa wakimwamkia mjomba kwa mbali wakaanza kutazama mikono yake. Mikono ile ndiyo iliyogusa magodoro wanayolalia, na juu ya mengine watoto walisomea Kurani. Jirani yetu wa nyumba ya pili, mama muuza vitumbua, alikuja akachukua godoro lake likiwa limefumuliwa nusu, pamba ikimwagika njiani. Alisema mumewe amebadili mawazo. Mumewe alikuwa safarini Ukerewe.

Na mkate? Mkate waliendelea kununua. Kila alfajiri nilimwona mama huyohuyo kwenye foleni ya Mgoa, kwa sababu hapakuwa na mkate laini kama ule mjini. Mjomba alikwenda barazani kuwauliza.

"Mkate wa asubuhi umekula wa wapi?" alimwuliza mmoja wao, muuza vitenge.

"Mkate si ngozi, fundi."

"Mikono ni ileile."

"Mkate umepita motoni."

"Basi na ngoma nitaipitisha motoni."

Walicheka, kwa sababu mjomba alijua kuchekesha hata akiwa na hasira. Lakini hakuna aliyesogea ili apate pa kukaa. Alisimama pale mpaka kicheko kikaisha, akarudi nyumbani. Fimbo zake zililala juu ya turubai tupu, na kwa mara ya kwanza nikala kwa mshahara wangu mimi nikamlisha na yeye.

Kamati iliitisha mkutano ukumbini. Katibu ndiye aliyekaa meza ya mbele, mnyenyekevu, akiomba watu watunze amani. Mgoa alikuja na bombo kubwa lenyewe, akaliweka mezani akasema, "Tazameni. Mbuzi huyu." Akatajwa shehe mmoja mzee, mwalimu wa chuo cha watoto, ambaye pia alichinjia nyumba nyingi za mjini. Walimsogeza karibu. Alipitisha kiganja juu ya ngozi, akakirudisha kinyume, akasugua pembeni palipobaki vinyweleo.

"Mbuzi," alisema. "Tena jike."

Ingepaswa kuishia hapo. Nasema hivi nikiwa mtu mzima na bado damu inanichemka: ingepaswa kuishia hapo. Watu wote walimheshimu shehe yule. Walikula alichochinja, waliozeshwa naye, alizika wazazi wao. Lakini katibu aliinuka akasema, kwa upole, "Shehe wetu tunamheshimu sana. Ila kwa umri wake, macho..."

"Sikuitazama kwa macho," mzee akamjibu. "Nimeishika."

"Ndiyo, shehe. Lakini ili kila mtu aridhike..."

Na ukumbi mzima ukanung'unika, ndiyo, ili kila mtu aridhike. Nilitazama nyuso zao nikaelewa kwamba hawakutaka kujua. Walikuwa wamekwisha kusikia neno lililofuata, nalo lilikuwa mbuzi wa kuchinjwa na kuliwa. Ikaamuliwa ngozi za zamani zichomwe, wanachama wachange, mbuzi wachinjwe hadharani kwa kisu cha shehe, na ngozi mpya ziwambwe mbele ya kamati.

"Fanyeni wiki hii," Mgoa aliwaambia. "Mvua zinakuja. Ngozi inataka jua."

Walichoma ngozi za zamani siku ileile, nyuma ya ukumbi. Ngozi kavu haiwaki vizuri. Hujikunja, hutoa mapovu meusi, na harufu yake huingia kwenye nywele. Mjomba alisimama karibu na moto mpaka bombo lake likawa pipa tupu lililofunguka pande mbili. Lakini alikuwa na matumaini, na hilo ndilo linaloniuma. Aliamini kweli kwamba mbuzi wakichinjwa jina lake litasafika. "Vumilia," aliniambia njiani. "Wakishaona kwa macho yao, nani atabaki na neno?"

Mbuzi hawakuchinjwa wiki hiyo, wala iliyofuata. Kamati ilikuwa ikijadili. Wengine walisema mbuzi wanenepeshwe kwanza. Wasukuma walisema kama ni ngozi tu, leteni fahali mmoja, ngoma zao zote ni za ng'ombe na hakuna aliyekufa. Wakristo wakasema na wao wanachanga, kwa hiyo wajue mapema watapata kiungo gani. Pakatokea ugomvi juu ya utumbo. Ngoma hazikutajwa tena katika mikutano hiyo, nilihudhuria nikasikia. Huku nje mawingu yalianza kujipanga juu ya ziwa, na vile vijidudu vidogo visivyouma vikapanda kutoka majini kama moshi na kutuingia puani.

Walipochinja hatimaye, ilikuwa asubuhi ya mawingu. Shehe alichinja kwa bismillahi, akaosha kisu, akasubiri kidogo pembeni. Hakuna aliyemletea hata ini. Akaaga akaenda zake. Kamati ikachoma nyama kutwa nzima, wakala wao na wake zao na watu ambao sikuwahi kuwaona ukumbini, na wale wa barazani walikuwapo wote, akiwamo muuza vitenge. Mafuta yaliwatiririka mpaka viwikoni. Ngozi, zile ambazo kwa ajili yake mbuzi wamekufa, zilitupwa lundo moja chini ya dirisha, upande wa damu juu, zikageuka nyeusi kwa nzi.

"Jamani, ngozi," mjomba aliwaomba. "Zitolewe mapema zitandazwe."

"Kula kwanza, fundi," katibu alimwambia, akimnyoshea mfupa. "Leo ni siku yako."

Mjomba hakuupokea. Tulizibeba sisi watatu, yeye na mimi na Mgoa, kwa toroli la unga, mpaka ua wa mikate. Zilikuwa zimeshaanza kuteleza. Tulizitia kwenye pipa la maji ya majivu ili manyoya yalainike, na usiku uleule mvua ikaanza, ikanyesha siku baada ya siku. Hakuna jua lililotoka la kukausha hata leso. Tulipozitoa manyoya yalikuwa yameachia, lakini na ngozi yenyewe ilikuwa inaachia. Ukiivuta, ilibaki mkononi kama ukoko wa uji. Funza walikuwa wamejikusanya kwenye mikunjo. Mgoa alitapika karibu na tanuri lake. Mimi nilitapika langoni. Mjomba aliendelea kukwangua kwa kisu, leso imefungwa puani, akitafuta iliyo nzima.

Alipata moja. Ilikuwa ya mbuzi aliyekuwa chini ya lundo, ambayo nzi hawakuifikia vizuri. Kwa kuwa jua halikuwapo, Mgoa aliiwamba kwenye kiunzi, akaitundika juu ya tanuri lake la mikate, mbali na moto, ikakauka kwa joto la mikate kila alfajiri. Wiki hiyo mji mzima ulikula mkate wenye harufu ya beberu. Walilalamika, lakini walinunua. Nilimsikia mama wa vitumbua akimwuliza Mgoa kama unga umebadilika.

"Unga uleule, mama," alimjibu. "Hewa ndiyo imebadilika."

Ngozi ile ilitosha bombo moja tu, lile kubwa, tena upande mmoja. Mjomba aliikaza kwa kamba mwenyewe, akiwa amepiga magoti, na alipoipiga mara ya kwanza kuku wote wa ua ule waliruka. Haikuwa na sauti ya ile ya kwanza. Ilikuwa na ukali kidogo, kama mtu aliyelia sana. Lakini ilikuwa ngoma. Alizunguka nayo tanuri, toa pamba, tia pamba, na Mgoa akimfuata akipiga kaisha ya uongo kwenye bati la kuokea mikate. Nilicheka siku hiyo, nakumbuka.

Siku moja kabla ya sherehe, mchana, katibu alikuja kwenye ua wa mikate na wanaume wawili wa ukumbini. Aliisifu ngozi. Aliigonga kwa kidole. Kisha akasema wamekuja kuichukua, kwa kuwa ni mali ya ukumbi.

"Kesho asubuhi nitakuja nayo mwenyewe," mjomba alisema.

"Ndilo tulilotaka kukuambia, fundi. Kamati imekaa. Imeona kwamba kwa ajili ya amani, wewe upumzike kwanza."

"Nipumzike nini?"

"Watu bado wana maneno."

"Maneno gani? Si mmechinja? Si mmekula?"

"Tumekula, ndiyo. Lakini unajua watu."

Mgoa akaanza kufoka kwa lugha zote alizozijua, Kiswahili, Kiingereza na ile ya kwao, unga ukimtoka mikononi. Wale wawili walikuwa wameshalibeba bombo. Mmoja wao alikuwa dobi aliyejifunza pamoja nasi, aliyekuwa na maneno yake ya kufua na kukamua. Alipita karibu yangu akitazama chini. Mjomba hakumzuia mtu. Alikuwa ameshika rungu, na katibu akarudi kutoka langoni kulifuata hilo pia, akanyosha mkono, na mjomba akampa.

Siku ya Uhuru tulisimama barabarani mimi naye kama watu wengine. Alinyoa, akavaa kanzu yake nyeupe. Watu walikuwa wengi mno, wengine wamepanda juu ya mawe, wengine wametoka vijijini na matawi mikononi, na furaha yao ilikuwa ya kweli. Sitaki mtu afikiri naitukana siku ile. Niliisubiri kama kila mtu. Kisha katibu akatokea mbele ya maandamano, utepe wa rangi za bendera umemkata kifua, na juu ya utepe bombo. Nyuma yake hapakuwa na kaisha hata moja. Alipiga bombo mguu ulipokuwa juu, akalipiga tena mguu ulipokuwa juu, akaruka pigo moja ili aupate mguu, akaukosa. Watu walishangilia. Walikuwa wakishangilia nchi yao, na yeye akafikiri wanamshangilia yeye, akainamisha kichwa kwa kila upande.

Nilimtazama mjomba. Midomo yake ilikuwa ikisema maneno ya pamba, polepole, kama mtu anayejaribu kumwongoza kipofu kwa mbali. Alisema mpaka bombo likapita. Kisha akatema mate mchangani, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya akiwa na kanzu, akageuka akaenda nyumbani. Sikuona bendera ikipita. Nilimfuata.

Kundi halikukutana tena. Ukumbi ukapata shughuli nyingine, mapipa ya kaisha yakatiwa mchanga wa kuzimia moto. Mwezi uleule Goa ilitwaliwa na India, Mgoa akawa hajui awe raia wa wapi, na baada ya muda aliuza duka kwa mtu aliyeoka mikate migumu. Hakuniaga, maana siku hizo nilikuwa nimesafiri na meli ya pamba.

Ule uvumi ulikufa wenyewe. Hakuna aliyesema tulikosea. Mji ulikuwa umemwona karani mwenye utepe amekumbatia ngoma mbele ya wakubwa wote, kwa hiyo ngoma ikawa safi, na mikono ya mjomba nayo, bila mtu kuitaja, ikawa safi. Magodoro yakaanza kurudi. Yaliingia uani moja baada ya jingine, na wenyewe wakauliza habari za afya na bei ya pamba kana kwamba walikuwa safarini.

Mjomba alipokea. Angefanyaje? Nilimchukia kidogo kwa kupokea, na ujana wangu ulinifanya nimwambie. Alinijibu tu kwamba mshahara wangu ni mdogo.

Mama wa vitumbua alikuwa wa mwisho. Alikuja asubuhi, godoro lake amelikunja kichwani, lilelile, limeshonwashonwa na uzi wa mkono wa mtu asiyejua.

"Fundi, hujambo? Tumekukosa kweli. Hata siku ya Uhuru tuliulizana, fundi wetu yuko wapi, mbona hatumsikii?"

Mjomba alikuwa amechuchumaa juu ya turubai. Aliweka fimbo chini, akainuka, akamnyoshea mikono yote miwili mpaka karibu na uso wake.

"Nusa," alisema.

"Ninuse nini, fundi?"

"Mikono. Nusa kwanza, ndipo uniachie godoro."

Yule mama alicheka, akanitazama mimi ili nicheke naye. Sikucheka. Mikono ya mjomba haikushuka. Wateja wengine wawili walikuwa wamesimama langoni, na mmoja wao akaanza kurudi nyuma. Godoro lilikuwa zito kichwani na yule mama hakuweza kulishusha bila mtu kumsaidia, naye mjomba ndiye aliyekuwa karibu. Mwishowe akainamisha shingo, godoro likiyumba, akasogeza pua.

"Pamba," alisema kwa sauti ndogo.

"Sema wasikie."

"Pamba, fundi."

"Haya," mjomba alisema, akalishusha godoro kutoka kichwani mwake. Kisha akawanyoshea mikono wale wa langoni.